Tarakimu 40 za ziada: historia fupi ya mita zetu za LUKU

Najua ukurasa huu umelala kidogo. Testi zilibana, na bado kuna kazi ya darasani nadaiwa. Lakini wiki hii kwenye semina ya historia tulitupiwa swali ambalo limenikaa kichwani: je, uamuzi wa zamani unaweza kuendelea kukutawala hata baada ya walioufanya kuondoka na vifaa vyao kuoza? Wenzangu wengi wakakimbilia mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 na mipaka yetu. Sawa kabisa, hilo ndilo jibu la mtihani. Mimi nikafikiria mita ya LUKU iliyoko ukutani kwa mama mkubwa, kule Magamba, Mpanda.

Msicheke kwanza, nisikilizeni.

Mnakumbuka mwaka 2024? TANESCO walitangaza kwamba mita zote za LUKU zinatakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Ukinunua umeme, badala ya kupata namba moja ya tarakimu 20 kama kawaida, unapata makundi matatu. La kwanza unaingiza, unabonyeza, unasubiri. La pili vilevile. La tatu ndio umeme wenyewe. Maana yake ni tarakimu 40 za ziada, mara moja tu, bila malipo, halafu maisha yanaendelea. Majirani zetu walikuwa kwenye foleni hiyohiyo: Kenya Power walikuwa na kampeni yao, Uganda wenye mita za Yaka nao hivyohivyo, na Afrika Kusini wateja wa Eskom walikuwa wanahimizwa kila siku.

Mama mkubwa alinipigia simu siku ya zamu yake. Shikamoo, marahaba, halafu moja kwa moja: "Mwanangu, nimenunua umeme wa elfu mbili, wameniletea namba nyingi kama za hesabu. Umeme uko wapi humu?" Tukasomeana tarakimu kwenye simu, nne nne, mpaka mwisho. Ikakubali. Akasema ahsante, akakata. Mimi nikabaki na swali: kwa nini tarehe 24 Novemba? Kwa nini isiwe mwisho wa mwaka, au mwisho wa mwezi kama ofisi zote zinavyofanya?

Jibu ni kwamba tarehe hiyo haikupangwa na mtu yeyote mwaka 2024. Ilikuwa imeshapangwa kabla wengi wetu tunaosoma hapa hatujazaliwa.

Turudi Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Shirika la umeme la huko, Eskom, lilikuwa linasambaza umeme kwa watu wengi wa kipato cha chini na likataka wateja walipe kabla ya kutumia. Tatizo likawa kwamba kila kiwanda cha mita kilikuwa na mfumo wake. Mita ya kampuni hii haielewi namba iliyotolewa na mashine ya kampuni ile. Wakakaa wakaunda lugha moja ya wote, ambayo kwa kifupi inaitwa STS. Baadaye ikawa kiwango cha kimataifa, ikaenea Afrika, Asia na kwingineko. LUKU yetu, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, iliyoanza hapa nchini katika miaka hiyohiyo ya 1990, inazungumza lugha hiyo.

Sasa ukitazama ile namba ya tarakimu 20, ndani yake kuna nini? Kompyuta huhesabu kwa biti, yaani sifuri na moja. Tarakimu 20 zinabeba biti 66. Kati ya hizo, 16 ni za kiasi cha uniti ulizonunua, 16 ni za kuhakiki kwamba hujakosea kubonyeza, chache ni za aina ya tokeni na namba ya kubahatisha, na 24 ni za MUDA. Kila tokeni inabeba dakika iliyotengenezwa. Mita inatunza kumbukumbu ya tokeni za karibuni. Ukiileta ileile mara ya pili, inakataa. Ukileta ya zamani kuliko zote inazozikumbuka, inakataa pia. Ndio maana huwezi kuchukua risiti yako ya mwezi uliopita ukapata umeme wa bure.

Dakika hizo zinahesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Na biti 24 zina mwisho: zinaweza kuhesabu dakika 16,777,216 tu. Gawanya kwa dakika 1,440 za siku moja, unapata siku 11,650 na ushee, karibu miaka 32. Ukianzia 1 Januari 1993 unaangukia Jumapili, tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo saa ya tokeni inarudi sifuri, kama pikipiki iliyomaliza kilomita 99,999 ikaanza upya. Mita ikiona tokeni yenye sifuri itasema hii ni ya zamani, siitaki. Wewe umelipa, pesa imeingia, lakini nyumba ni giza.

Hapo mtu anauliza, hawa mainjinia walikuwa wazembe? Mimi nasema hapana. Mwaka 1993 miaka 32 ilikuwa mingi sana kwa kifaa cha ukutani, maana mita yenyewe haitegemewi kuishi muda huo. Na kila tarakimu unayoongeza ni kazi kwa anayebonyeza usiku kwa mwanga wa kibatari. Wangeongeza biti moja tu, muda ungeongezeka mara mbili na tungefika mpaka mwaka 2056. Lakini cheki hesabu: tarakimu 20 zinatosha biti 66, haziwezi kubeba 67. Biti moja zaidi ingelazimu tarakimu ya 21. Basi wakaishia 20.

Walichokosa kuona ni kitu kimoja, na hapa ndipo historia inapoingia. Mita inakufa, lakini makubaliano hayafi. Nyumba nyingi za vijijini ziliunganishwa umeme baada ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, kuanza kazi mwaka 2007. Mita mpya kabisa, inang'aa, lakini ndani yake imezaliwa na tarehe ya 1993 kwa sababu lazima ielewane na mfumo wa mauzo uliokuwepo. Kwetu Mpanda ndio mfano mzuri zaidi. Mji ulikuwa nje ya gridi ya taifa kwa miaka mingi, umeme ukitoka kwenye jenereta za dizeli. Mwaka 2012 tukatoka mkoa wa Rukwa tukawa mkoa wa Katavi. Ikajengwa laini ya kilovoti 132 kutoka Tabora kuileta gridi. Mkoa ulibadilika, nyaya zikabadilika, njia ya kununua ikahama kutoka dirishani kwenda kwenye simu. Tarakimu zilibaki 20, na saa ilibaki ya 1993.

Basi tatizo lilipojulikana kulikuwa na njia tatu.

Ya kwanza, ng'oa mita zote, weka mpya zenye lugha mpya. Safi, lakini duniani zilikuwa makumi ya mamilioni. Nani analipa?

Ya pili, refusha tokeni. Nayo inamaanisha mita zote za zamani haziwezi kuisoma, kwa hiyo umerudi njia ya kwanza kwa mlango wa nyuma.

Ya tatu, acha tarakimu 20 kama zilivyo, sogeza tu siku ya kuanza kuhesabu. Badala ya 1993, anza 1 Januari 2014. Ndiyo iliyochaguliwa.

Lakini mita za kwetu nyingi ni viziwi. Hazina laini ya simu, hazina intaneti, haziwezi kuambiwa kitu kutoka makao makuu. Mlango wao pekee ni zile batani. Kwa hiyo ujumbe wa "futa kumbukumbu yako, anza upya" ulipaswa kupita kwenye vidole vya mteja. Na ukifuta kumbukumbu ya mita bila kubadilisha ufunguo wake wa siri, mtu angeweza kuokota risiti ya 2019 jalalani akaiingiza tena. Kwa hiyo lazima ufunguo nao ubadilike. Ufunguo hauingii kwenye tokeni moja, ukakatwa vipande viwili. Ndio yale makundi mawili ya mwanzo, ndio tarakimu 40. Pia ndio maana kama ulikuwa na tokeni uliyonunua hujaiingiza, ulitakiwa kuimaliza kwanza, kwa sababu ufunguo mpya hauitambui.

Fikiria hilo kidogo. Mwaka 2024 mamilioni ya watu wa kawaida, wauza mchele, mafundi cherehani, bibi zetu, walifanya kazi ya fundi wa kompyuta kwa mkono, bila kuambiwa kwamba ndicho wanachofanya.

Sasa wale wa kompyuta watasema hii habari wanaijua. Kweli, ina ndugu yake mkubwa. Kila mfumo endeshi wa kompyuta una maktaba zake. Sio maktaba ya vitabu, ni mkusanyiko wa kazi za kawaida zilizoandikwa mara moja ili programu zote ziazime: kufungua faili, kuandika kwenye skrini, kuuliza saa ngapi. Mifumo ya ukoo wa Unix, ikiwemo Linux, huhesabu muda kwa sekunde kuanzia 1 Januari 1970. Kwenye mashine za zamani sekunde hizo ziliwekwa kwenye biti 32, na biti moja kati ya hizo inakwenda kwenye alama ya hasi au chanya. Mwisho wake ni sekunde 2,147,483,647. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki hiyo ni tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi. Baada ya hapo saa ya mashine ambayo haijarekebishwa inarukia mwaka 1901.

Dawa inajulikana: tumia biti 64, muda hautaisha leo wala kesho. Lakini programu iliyokwishatengenezwa imezoea kupewa kitu cha biti 32. Maktaba ikianza ghafla kumpa cha 64, ni kama umezoea kupokea ndoo ya lita 10, leo unamiminiwa lita 20. Zinamwagika, zinalowesha kila kilicho jirani. Ukiirekebisha maktaba, unawavunjia waliokuwa wanaitegemea. Usipoirekebisha, wote mnaelekea ukutani pamoja. Huo ndio mtego.

Waliokutana na mtego huu hawakujibu sawa, na tofauti yao inafundisha.

Watu wa OpenBSD walivunja. Toleo lao la 5.5 la mwezi Mei 2014 lilihamisha muda kwenda biti 64 kwa mashine zote, za zamani na mpya, kwa siku moja. Programu za jana hazikufanya kazi mpaka zitengenezwe upya. Waliweza kwa sababu wana maandishi asilia ya karibu kila kitu wanachokisambaza, na watumiaji wao ni wachache na ni mafundi.

Upande wa Linux walikwenda polepole. Kiini chake kikawa tayari kwa mashine za biti 32 mwaka 2020 katika toleo la 5.6. Maktaba yake kuu, glibc, ikaruhusu muda wa biti 64 kwenye mashine hizo kuanzia toleo la 2.34 la mwaka 2021, lakini kwa hiari: anayetaka aombe, asiyeomba abaki alivyo. Halafu Debian, kwenye toleo la 13 la mwaka 2025, wakafanya jambo la tatu: mashine nyingine za biti 32 wakazihamisha, ila zile za ukoo wa i386 wakaziacha na saa ya zamani makusudi, kwa kuwa kazi iliyobaki ya i386 ni kuendesha programu za zamani ambazo hakuna atakayezitengeneza tena. Waliona kwamba ukimhamisha huyu unamuua, basi mwache amalizie maisha yake.

Nikiweka hadithi hizi pamoja, ninachokiona mimi ni hiki. Watu wanabishana kana kwamba swali ni lipi bora, kulinda cha zamani au kurekebisha kasoro. Mimi naona swali la kwanza ni jingine: UNAWEZA KUMFIKIA KILA MTU? Haki ya kuvunja inatoka hapo. OpenBSD walivunja kwa haki kwa sababu kila aliyevunjiwa alikuwa na namna ya kujenga upya kesho yake. Shirika la umeme halina haki hiyo. Mita iko ukutani kwa mama wa Magamba ambaye hakuchagua biti 24, hakuulizwa, na hana pa kununua umeme mwingine. Kwake lazima umbebe, hata kama mfumo wako utabaki na kiraka.

Tena kumbeba kwenyewe kuna gharama, msidhani ni bure. Gharama haikupotea, ilihama kutoka kiwandani ikaja kwenye vidole vyetu. Na haikugawanywa sawa. Mwenye nyumba yake na anayenunua umeme kila wiki hakusumbuka: alipata makundi matatu, akaingiza, kwisha. Mwenye kazi ni yule mwenye duka alilolifunga akasafiri, mpangaji ambaye mita ni ya mwenye nyumba, mzee asiyeona tarakimu vizuri. Huko Afrika Kusini siku ya mwisho ilipofika kulikuwa na mita zaidi ya milioni moja za Eskom ambazo hazijabadilishwa, na wengi wa wenye mita hizo walikuwa watu ambao hawanunui umeme kwa njia halali. Yaani njia ya tokeni inamfikia anayenunua tu. Asiyenunua hakuna anayemwona.

Kwa hiyo nikiulizwa kama njia ya tatu ilikuwa sahihi, nasema ndiyo. Watu waliendelea kuwasha taa na mita zilizokuwepo. Lakini naipa masharti mawili. Kwanza, anayemwekea mwenzake kiraka amwambie ni kiraka. Matangazo mengi niliyosikia yalisema "kuboresha mita", na mtu akabaki anadhani mita yake ilikuwa mbovu au sasa itakula uniti kidogo. Dakika mbili za maelezo zingetosha: saa ya mita imejaa, tunaianza upya. Pili, deni liandikwe mahali panapoonekana. Maana ukipiga hesabu ileile, dakika 16,777,216 kuanzia 1 Januari 2014, unapata 24 Novemba 2045. Tarehe ileile, mwezi uleule, miaka 21 baadaye. Wenye kiwango wameshatenga siku nyingine ya kuanzia, 1 Januari 2035, ili kazi irudiwe. Wale wa darasa langu wakati huo tutakuwa walimu wa miaka arobaini na kitu, na mita bado zitakuwa ukutani.

Na msidhani jambo hili ni la umeme tu. Sisi wa ualimu tuna letu. Namba ya mtihani wa sekondari ina herufi S, tarakimu nne za shule, mkwaju, halafu tarakimu nne za mtahiniwa. Tarakimu nne haziwezi kuzidi 9999. Kila shule mpya ya kata inayofunguliwa ni jambo jema, na kila moja inakula namba. Siku zikijaa, mtu ataketi ofisini na kuchagua kati ya njia zilezile tatu, huku vyeti vya miaka yote iliyopita vikiwa kwenye mabahasha ya watu, kila kimoja na namba ya zamani inayotakiwa kuendelea kusomeka. Aliyemaliza kidato cha nne mwaka 1985 hawezi kuambiwa cheti chake hakielewani na mfumo mpya.

Ndio maana nikasema kwenye semina kwamba historia ya mita inafaa kufundishwa. Sio kwa ajili ya biti, ila kwa sababu inaonyesha uamuzi mdogo wa chumba kimoja ukisafiri miaka 31 na maelfu ya kilomita mpaka kwenye batani za mpira huko Magamba, na mtu anayezibonyeza akiwa hajui kwamba anamalizia kazi ya watu wa 1993. Wenzangu wa Berlin walinikubalia nusu. Nusu nyingine tunaendelea kubishana kantini.

Testi ya mwisho ni Ijumaa, kwa hiyo mkiona kimya mjue niko kwenye madesa. Mwenye mita iliyoandikwa mwaka wa kutengenezwa aichungulie, aniambie ni ya lini.

Nawasilisha.